Al-Hasan bin al-Haytham, Mwanachuoni wa Nuru

Katika wanachuoni wa Kiislamu wanaotajwa sana Ulaya na kusahauliwa kwetu, yumo Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra, katika Iraq, yapata mwaka 354 wa Hijra, yaani 965 Miladia.

Wasimulizi wa habari zake wanasema kuwa alidai mto Nile waweza kutawaliwa, maji yake yawafae watu wakati wote. Khalifa wa Kifatimia, al-Hakim, akamwita Misri. Alipofika upande wa Aswan na kuona majengo ya watu wa kale, alitambua kuwa lau jambo hilo lingaliwezekana, mafundi wale wangalilitenda; akarejea akakiri kushindwa. Kisha, kwa kuchelea ghadhabu ya mtawala, yasemekana alijitia wazimu mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye aliishi karibu na Al-Azhar, akila jasho lake kwa kunakili vitabu vya hisabati, hata akafariki yapata mwaka 1040.

Kazi yake kubwa ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba. Euclid na Ptolemy walishika kuwa jicho hutoa miale iendayo kugusa vitu. Yeye hakuwakubali kwa ukubwa wa majina yao. Alionyesha kuwa atazamaye jua huumia jicho, basi nuru ndiyo iingiayo. Akapanga taa kadhaa mbele ya tundu la mahali penye giza. Kila taa ikatoa doa lake ukutani, na taa moja ilipozibwa, doa lake peke yake likatoweka. Hiyo ndiyo dalili.

Katika juzuu ya saba alichunguza kupindika kwa nuru. Sote twajua kuwa upondo wa mashua ukitiwa majini huonekana umevunjika. Alieleza kuwa nuru hupunguza mwendo katika kitu kizito kuliko hewa, na njia yake hupinda mpakani.

Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Kwetu, Kamal al-Din al-Farisi alikisherehesha na kwa njia hiyo akafafanua upinde wa mvua. Lakini waliomfuata walikuwa wachache.

Elimu hiyo haikusimama. Mwaka 2023, wataalamu wa Imperial College ya London walipiga kwa leza, mara mbili mfululizo, utando mwembamba wa oksidi ya indiamu na bati, ukabadilika ghafula uwezo wake wa kurudisha nuru. Mpaka wa mahali, kama uso wa maji, hupinda njia ya nuru. Mpaka wa wakati, kama badiliko lile la ghafula, hubadili hesabu ya mitetemo yake, na mitetemo ndiyo iletayo rangi katika nuru tuionayo.

Hatusemi kuwa Ibn al-Haytham aliyajua haya. Huko ni kujisifu kwa uongo. Tusemalo ni kuwa alifungua mlango kwa kudai dalili, na mlango huo humpitisha kila agongaye, awe wa dini yoyote. Kujivunia mababu hakumfundishi mtoto hata herufi moja. Basi, ndugu zetu, mtoto wa chuoni akiuliza kwa nini, asikemewe. Apewe taa, tundu na ukuta, ajionee mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.