John Walter Gregory: Karani wa Sufi Aliyelisoma Bonde Letu

Ndugu msomaji, kama unasoma hapa Karagita basi unaijua safari ya jiografia. Walimu hutupeleka Longonot au Hell's Gate, kila mtu na daftari lake, maji na chapati za jana. Wengine hawana haja na mawe, wanataka kupigwa picha tu. Mimi nilirudi na swali: ni nani alitembea hapa zamani akaeleza vile bonde hili lilivyotokea? Vitabu vikanipeleka kwa John Walter Gregory, na maisha yake yanatuhusu kuliko nilivyodhani.

Gregory alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864, mtoto wa mfanyabiashara wa sufi. Alipofika miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara hiyo hiyo ya sufi. Hapo wengi wetu tungesema masomo yamekwisha. Lakini jamaa huyu mchana alikuwa kazini, na jioni alikwenda kusoma Birkbeck, chuo cha watu wenye kazi. Hivyo hivyo, pole pole, mwaka wa 1887 akaajiriwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza, na mwaka wa 1891 akapata digrii ya Chuo Kikuu cha London.

Mwaka wa 1892 alikuja Afrika Mashariki na msafara mkubwa wa Waingereza. Msafara huo ukavunjika kule pwani kabla ya kufika popote. Gregory hakukata tamaa. Mnamo Machi 1893 alitoka Mombasa na msafara wake mwenyewe, yeye na wapagazi wapatao 40, wengi wao Wazanzibari. Wanachama wenzangu, jivunieni hapo: lugha ya msafara ule ilikuwa Kiswahili. Mizigo, chakula na hema vilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi hao, na bila wao Mzungu huyu hangefika mbali. Kumbe majina yao hayamo katika vitabu vyetu vya shule!

Walipita hapa Naivasha, wakaendelea hadi Baringo. Huko Gregory aliyatazama magenge ya Laikipia, kisha akayalinganisha na vilima vya Tugen, ambavyo wakati huo viliitwa Kamasia. Tabaka za mawe zilifanana, kama vipande viwili vya mkate mmoja. Basi bonde hili halikuchimbwa na mto. Ardhi ilipasuka kwa nyufa zinazokwenda sambamba, na sehemu ya katikati ikashuka. Mwaka wa 1891 Eduard Suess wa Vienna alikuwa ameandika kwamba ardhi ya huku ilipasuka, ingawa hakuwahi kukanyaga hapa. Gregory ndiye aliyeleta ushahidi wa macho na miguu.

Kutoka huko alipanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu yake, akaona alama kwamba zamani barafu hiyo iliteremka chini zaidi. Agosti 1893 alikuwa amerudi pwani. Kitabu chake juu ya Bonde Kuu la Ufa kilitoka mwaka wa 1896, na mpaka leo wanajiolojia huliita tawi letu hili Ufa wa Gregory.

Alipokuwa profesa huko Melbourne, Australia, hakuwafungia wanafunzi darasani. Likizo ya kiangazi, mwishoni mwa 1901 na mwanzoni mwa 1902, aliwachukua baadhi yao hadi jangwa la Ziwa Eyre, pamoja na ngamia. Jua kali namna gani! Sisi tunalia tukipanda Longonot asubuhi moja. Kuanzia 1904 hadi 1929 alifundisha Glasgow. Mwaka wa 1919 alirudi Kenya, na huko Olorgesailie akaona mashoka ya mawe ya watu wa kale.

Si kila jambo lake ni la kuigwa. Mwaka wa 1925 alitoa kitabu kilichotaka watu wa rangi mbalimbali wakae mbali mbali. Mtu aliyebebewa mizigo na Wazanzibari angepaswa kujua zaidi. Tuchukue elimu yake, hayo mengine tumwachie mwenyewe.

Kifo kilimkuta safarini. Tarehe 2 Juni 1932, akiwa na miaka 68, mtumbwi wao ulipinduka katika mto Urubamba, nchi ya Peru, naye akafa maji.

Ndugu zangu, kila muhula tunapoteza wenzetu. Karo inakosekana, mtu anaingia shamba la maua, na sisi tunamhesabu kuwa amepotea. Tusimhesabu hivyo. Karani wa sufi aliacha shule na miaka 15 akaja kuwa profesa, kwa sababu palikuwa na darasa la jioni na yeye alilihudhuria. Tukikutana na wenzetu hao pale stejini, tuwapelekee vitabu na maswali ya mitihani, tuwaulize kama wangali wanasoma. Na mwaka huu tukipelekwa mlimani, tuyatazame mawe kwanza. Picha zitangoja.