PAPA SIMON KIMBANGU NA WATOTO WADOGO: JE, MTOTO ASIYEBATIZWA AMEPOTEA?

 Toka hapa Kasaji tunawaletea neno ambalo limetuhangaisha kwa muda mrefu.

Mama mmoja wa kanisa letu alipoteza mtoto wa miezi minne. Homa ilimshika jioni, asubuhi akawa amekwisha. Kwenye kilio, katikati ya watu waliokuja kulia pamoja na mama huyo, kukatoka sauti zilizosema kwamba mtoto amekufa bila ubatizo, basi mbinguni hana nafasi. Mama alisikia. Akatugeukia sisi mashemasi, akatuangalia. Na sisi tulinyamaza. Tunakiri mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jibu tayari. Wiki nyingi zilipita, mama hakurudi kanisani, na tulipomtembelea alituuliza neno moja tu: mtoto wangu yuko wapi?

Tumeamua kumjibu mama huyo kwa maisha ya Papa Simon Kimbangu. Wengi wetu tunayajua maisha hayo tangu shule ya Jumapili, lakini tuyasome tena tukilitafuta jambo hili moja: ubatizo ulikuwa na nafasi gani kwake, na watoto walikuwa na nafasi gani?

MTOTO ALIYEBARIKIWA

Papa Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika Kongo ya Chini, tarehe 12 Septemba 1887 kama Kanisa linavyofundisha. Baba yake aliitwa Kuyela na mama yake Luezi. Wazazi hao walifariki mapema, na mtoto akalelewa na jamaa yake Mama Kinzembo, aliyekuwa kwake kama mama mzazi.

Wazee husimulia kwamba siku zile mmisionari mmoja Mwingereza wa misioni ya Wabatisti, jina lake Cameron, alipita vijijini akihubiri. Watu walimkasirikia, wakamfukuza wakitaka kumwua. Akakimbilia nyumbani kwa Mama Kinzembo, naye akamficha na kumwokoa. Kabla ya kwenda zake, mmisionari aliomba na kumbariki mtoto Kimbangu.

Angalieni vizuri, ndugu zetu. Mtoto huyo hakutiwa maji. Wabatisti hawabatizi watoto wachanga mpaka leo. Wanamngoja mtu asikie Neno na aamini mwenyewe. Cameron alimwombea tu mtoto, akamweka katika mikono ya Mungu. Lakini ni nani kati yetu atakayethubutu kusema kwamba siku ile Mungu hakumjua Kimbangu? Kama homa ingemchukua mwaka ule, je, mbingu zingemfungia mlango? Mtu anayesema hivyo, aseme pia kwamba Yesu alikosea alipowakemea wanafunzi waliowazuia watoto, akawakumbatia na kuwawekea mikono (Marko 10:13-16). Maandiko hayatuambii kwamba Bwana aliuliza kwanza kama watoto wale wamebatizwa.

MTU MZIMA ALIYEBATIZWA

Kimbangu alikua, akasoma katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe-Lutete. Alimwoa Mama Muilu Marie. Tarehe 4 Julai 1915 alibatizwa kwa maji huko Ngombe-Lutete. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 28, na mtoto wake wa kwanza, Kisolokele, alikuwa amekwisha zaliwa mwaka 1914. Baadaye akawa mwalimu wa dini katika eneo lake.

Basi ubatizo kwake ulikuwa jibu. Aliitwa, akaitikia. Mtu anayeitika lazima awe amesikia jina lake. Ndiyo sababu Maandiko yanaweka toba na imani pamoja na ubatizo, kama Petro alivyowahubiri watu wa Yerusalemu (Matendo 2:38). Mtoto wa miezi minne hana dhambi ya kutubu, wala hajaweza kumkataa Mungu. Tutamdai jibu gani?

Tukumbuke pia kwamba Papa alisikia wito wa Mungu tangu mwaka 1918, akauogopa, akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi. Alikuwa amebatizwa tayari, na bado alikimbia. Kumbe maji peke yake hayamalizi kazi. Alirudi kwao, na tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, Nkiantondo, akamwombea kwa jina la Yesu, naye akapona. Hapo watu wakaanza kuja Nkamba kwa maelfu, wakiacha mashamba, wakiacha kazi za Wazungu, wakiwabeba wagonjwa wao. Wengi walikuwa mama waliobeba watoto mgongoni. Papa aliwaombea wadogo na wakubwa, na hakuna tuliposikia kwamba alimrudisha mama yeyote kwa sababu mtoto wake hana ubatizo. Alichowadai watu wazima ni kutupa sanamu na dawa za uchawi, kuacha wake wengi, kuacha ngoma za uchafu, na kumpenda Mungu na jirani.

MFUNGWA ALIYEKAA MIAKA 30

Serikali ya Bula Matari iliogopa. Tarehe 6 Juni 1921 Administrateur Morel alikwenda na askari kumkamata, lakini Papa aliwaponyoka. Tarehe 12 Septemba 1921 alijitoa mwenyewe huko Nkamba. Baraza la askari la Thysville, mji ambao leo unaitwa Mbanza-Ngungu, lilimhukumu tarehe 3 Oktoba 1921 apigwe fimbo 120 na kisha auawe. Mfalme Albert wa Ubelgiji alibadilisha hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndipo wakamleta kwetu Katanga, katika gereza la Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo.

Nyumbani aliacha watoto watatu wadogo: Kisolokele mwenye miaka 7, Dialungana mwenye miaka 5, na Diangienda mwenye miaka 3. Baba yao hawakumwona tena huru. Watoto wale walilelewa katika hofu, lakini Mungu hakuwasahau. Diangienda ndiye aliyeliongoza Kanisa letu mpaka alipofariki mwaka 1992, na Dialungana akaliongoza baada yake mpaka mwaka 2001. Hii inatufundisha kwamba Mungu huwashika watoto hata pale ambapo mkono wa baba hauwezi kufika.

Gerezani Papa alikaa miaka 30. Hakuwa na kanisa, hakuwa na kwaya, hakuwa na waamini wake wa kumzunguka. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1951. Baadaye palitokea watu waliosema kwamba karibu na kufa alibatizwa tena kwa desturi ya Wakatoliki. Kanisa letu halikulikubali neno hilo. Lakini tazameni fikira iliyo ndani yake: kana kwamba mtu aliyebeba msalaba miaka 30 angepotea kama asingepata maji dakika ya mwisho! Mungu tunayemwamini si karani wa mlangoni anayemrudisha mtu kwa kukosa karatasi. Yule mwizi msalabani hakubatizwa, na Yesu alimwahidi paradiso siku ile ile (Luka 23:43). Nyumbani kwa Kornelio Roho Mtakatifu alishuka kwanza, na maji yakafuata nyuma (Matendo 10:44-48).

Tena tumsome mfalme Daudi. Mtoto wake aliugua na kufa siku ya saba. Kama siku hizo zahesabiwa tangu kuzaliwa, mtoto yule hakuifikia siku ya nane, siku ya kutahiriwa, ambayo ndiyo ilikuwa alama ya agano kwa Waisraeli. Hata hivyo Daudi aliondoka chini, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana, akiamini kwamba siku moja yeye atakwenda kwa mtoto wake (2 Samweli 12:18-23). Kama Daudi alipata faraja bila alama ile, kwa nini mama wa Kasaji aikose?

UBATIZO WETU NA MAJIRANI ZETU

Hapa Kasaji tunaishi na Wakristo wengi. Ndugu wa Garenganze wanabatiza waamini kwa kuwazamisha majini. Wakatoliki na Wametodisti wanabatiza hata watoto wachanga. Hatuandiki ili kuwatukana. Hata Roma, mwaka 2007, tume ya wanateolojia ilitoa hati iliyosema kwamba kuna sababu za kutumaini wokovu wa watoto wanaokufa bila ubatizo. Waliotia hofu kwenye kilio kile hawajui kwamba wakubwa wao wenyewe wamefungua mlango wa matumaini.

Kanisa letu, lililopata ruhusa ya serikali tarehe 24 Desemba 1959 baada ya mateso mengi, linabatiza kwa maombi na kuwekewa mikono, bila maji, kwa kuwa Yohana alisema yeye anabatiza kwa maji na kwamba ajaye nyuma yake atabatiza kwa Roho Mtakatifu. Mtoto mchanga tunamleta mbele ya Mungu, anaombewa na kubarikiwa kama Kimbangu alivyobarikiwa. Ubatizo unangoja mpaka ajue mema na mabaya.

Lakini mtu asichukue maneno haya kama mto wa kulalia. Kuna vijana wetu wenye akili timamu wanaosema watabatizwa kesho, na kesho hiyo haifiki kwa sababu wanapenda pombe na mambo ya giza. Huruma ya Mungu kwa mtoto asiyeweza kuitika si ruhusa kwa mtu mzima anayeziba masikio. Mtoto hajaitwa bado. Wewe umeitwa mara ngapi?

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, wazazi, msikawie kuwaleta watoto wenu kanisani waombewe, si kwa hofu ya moto, bali kwa shukrani. Pili, mtoto akifariki, hata awe wa siku moja, wachungaji na mashemasi tufike, tuimbe, tuombe, tumzike kwa heshima yote kama Mkristo yeyote. Tatu, kwenye kilio asitokee mtu wa kumhukumu mtoto. Na akitokea, shemasi asinyamaze kama sisi tulivyonyamaza.

Katika miaka ya ukoloni, serikali ilifanya hapa Kasaji kambi ya kilimo ya watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka mbali kwa sababu ya imani yao. Kanisa letu pia linahesabu jamaa 37,000 waliotawanywa katika Kongo nzima kwa sababu ya jina la Papa. Njiani na kambini mama walizaa, na watoto wengine walikufa, pasipo mchungaji wala kanisa. Hatukubali kwamba Mungu aliwapokea wazazi walioteswa na kuwatupa watoto wao.

Mama yetu mpendwa, sasa tunakujibu, ingawa tumechelewa. Mtoto wako yuko katika mikono ile ile iliyowakumbatia watoto wa Galilaya na Yudea, iliyomlinda yatima wa Nkamba, na iliyomshika mfungwa wa Elisabethville miaka 30. Rudi kanisani. Nafasi yako kwenye benchi la mama bado ipo, nasi tunakungoja.

Upendo, Amri, Kazi.