Masinde Mwanakandanda

Hapa Kabras, jina la Elijah Masinde likitajwa, wazee hunena juu ya Dini ya Msambwa, nao vijana humdhania Masinde Muliro, ambaye chuo kikuu cha Kakamega kina jina lake. Mimi namlilia mwanakandanda. Kabla ya kuwatikisa Waingereza, mzaliwa huyu wa Kimilili aliichezea Kenya dhidi ya Uganda mwaka 1930, kuwania Kombe la Gossage lililotolewa na watengenezaji sabuni. Ilikuwa kandanda ya ridhaa. Mwaka 1945 alitiwa Mathari kama mwendawazimu. Mwaka 1948, polisi walipokwisha kuwaua wafuasi wake Malakisi, akahamishiwa Lamu. Serikali huru nayo iliipiga marufuku dini yake. Alifariki mwaka 1987, nami bado sijatazama mpira katika kiwanja chenye jina lake.