Pilipili ya Szeged: maisha ya Albert Szent-Györgyi

BUJUMBURA. Pilipili hoho zinazopangwa kila asubuhi katika soko la Ruvumera, Buyenzi, zina vitamini C nyingi. Aliyeipata kwa wingi mara ya kwanza hakuanza na pilipili. Alianzia juu ya figo za ng'ombe.

Albert Szent-Györgyi alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1893. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akisomea udaktari. Alipochoshwa na mauaji alijipiga risasi mkononi, akasema ni ya adui, akarudishwa nyumbani kumaliza masomo.

Huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1920, alichambua tezi ndogo zinazokaa juu ya figo, akapata unga unaozuia vitu vingine visiharibiwe na oksijeni. Hakuutambua. Alipotaka kuutangaza aliupa jina la mzaha, kwamba hajui ni nini; mhariri alipokataa, akaleta jingine, kwamba Mungu ndiye ajuaye. Nalo likakataliwa. Tezi zilikuwa adimu, akaenda Marekani kwenye machinjio makubwa, akaambulia gramu 25 hivi.

Aliporudi Hungaria, katika mji wa Szeged, unga ule ulijaribiwa kwa simbilisi, wanyama wadogo wanaofugwa pia Kivu kwa nyama, ukawakinga na kiseyeye. Ilikuwa vitamini C. Lakini ataipata wapi ya kutosha? Kwa simulizi yake mwenyewe, jioni moja mkewe alimwandalia pilipili asiyoitaka, akaibeba hadi maabara. Szeged ni nchi ya pilipili. Baada ya wiki chache alikuwa na zaidi ya kilo nzima. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel.

Baadaye vitamini hiyo ilirudi kwenye figo kwa njia nyingine. Figo ikikosa damu, kwa ajali, upasuaji au kuhara sana, huumia. Ajabu ni kwamba damu inaporejea, oksijeni inayokuja nayo huzaa chembe kali zinazoharibu seli zilizosalia. Ndiyo maana watafiti hujaribu antioksidanti, vitamini C ikiwemo. Kwa panya mara nyingi zimesaidia. Kwa binadamu hakuna dozi iliyothibitishwa, na katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2022, wagonjwa mahututi wa maambukizi waliodungwa dozi kubwa walipata matokeo mabaya kuliko wenzao. Vidonge vingi mno vinaweza pia kuleta mawe ya figo.

Kwa hiyo chupa za kusafisha figo zinazouzwa mipakani si za kuaminiwa. Anayepita Gatumba kwenda Uvira juani bila maji, huku akimeza diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, anaipunguzia figo damu mara mbili. Maji ndiyo ya kwanza kubeba.

Szent-Györgyi mwenyewe hakukaa kimya maabarani. Medali yake ya Nobel aliitoa kuisaidia Finland ilipovamiwa. Aliwapinga Wanazi, akasakwa na polisi wao wa siri, akajificha kwa msaada wa ubalozi wa Sweden. Utawala uliofuata nao ulimkatisha tamaa. Mwaka 1947 alihamia Marekani, akafanya utafiti wa misuli na saratani huko Woods Hole, na uzeeni akapinga silaha za nyuklia. Alifariki huko Oktoba 1986, akiwa na miaka 93. Kitivo cha tiba cha Szeged kinaitwa kwa jina lake.