Bibi Rufaida na Hema la Majeruhi

Khabari za Masahaba wanaume tumezisoma sana katika darsa zetu. Za Masahaba wanawake tumezipita mbio. Leo twamtaja Bibi Rufaida (r.a.), mwanamke wa kabila la Aslam. Wanachuoni wa sira wamemhifadhia sifa moja: alikuwa akitibu majeruhi, na akijitolea nafsi yake, kwa kutaraji thawabu, kumtumikia Mwislamu asiye na wa kumwangalia.

Siku ya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra (627), Sayyidna Saad bin Muadh, mkuu wa kabila la Aus, alipigwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Bwana Mtume (s.a.w.) aliamuru alazwe katika hema la Bibi Rufaida, nalo lilikuwa ndani ya msikiti wa Madina. Hapa twamwomba msomaji atue kidogo. Saad alikuwa na jamaa wengi, wasingeshindwa kumfunga jaraha. Lakini alilazwa kwa mwenye kuijua kazi, na mahali ambapo Mtume aliweza kumzuru kila mara. Riwaya zasema akipita jioni akimwuliza hali yake, na asubuhi akimwuliza tena.

Saad hakupona. Jaraha lilikuwa limeanza kukauka, kisha likapasuka, akafa shahidi. Ila siku zake za mwisho hakuzipitisha akiwa amesahauliwa, na hilo kwa mgonjwa si jambo dogo.

Ndiyo kazi yenyewe ya uuguzi. Daktari huja akaenda zake. Muuguzi ndiye abakiye, apimaye homa, ahesabuye pumzi, abadilishaye kitambaa, amgeuzaye mgonjwa asifanye vidonda kwa kulalia ubavu mmoja, aoshaye mikono kabla ya kumshika mwingine. Mwaka 2002 wataalamu waliochungua hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, walitoa hesabu yao: kwa kila mgonjwa mmoja anayezidishwa juu ya muuguzi, uwezekano wa waliopasuliwa kufa ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Upungufu wa wauguzi, basi, huua.

Hapa Chundwa mgonjwa akizidiwa twampeleka Faza, au twamvusha kwa boti hadi Lamu, na tukifika twataka mke wetu au mama yetu ahudumiwe na mwanamke mwenziwe. Ni haki yetu kutaka hivyo. Lakini wako miongoni mwetu ambao binti akitaja chuo cha uuguzi humwambia kuwa hiyo si kazi ya mwanamke wa heshima. Twauliza: huyo tumtakaye wodini atoke nyumba ya nani? Au heshima yetu imezidi ya watu wa Madina?

Wala Bibi Rufaida hakuwa peke yake. Bibi Umm Atiyya alifuatana na Mtume katika vita saba, akipika, akitibu majeruhi na kuwasimamia wagonjwa. Bibi Rubayyi binti Muawwidh na wenziwe waliwanywesha watu maji na kuwarudisha majeruhi Madina. Na siku ya Uhud, Bibi Fatma alimwosha babake damu ya usoni, Sayyidna Ali akimmiminia maji kwa ngao. Alipoona maji yanaizidisha damu, alichoma kipande cha mkeka, akaligandika jaraha majivu yake, damu ikakoma.