Semei Kakungulu, Mgeni Aliyeanzisha Mbale

Wengi wenu mmepita Mbale, lakini ni wachache wajuao kwamba mji ule ulianzishwa na mtu asiyekuwa mwenyeji wa huko hata kidogo. Nataka kuwasimulia maisha yake, nami nina sababu yangu ambayo nitaieleza mbele.

Semei Kakungulu alizaliwa Kooki mnamo mwaka 1869. Siku zile Kooki ilikuwa na mfalme wake. Haikuingizwa katika Buganda mpaka mwaka 1896. Kijana huyu alikwenda Buganda katika miaka ya 1880, akawa mwindaji wa ndovu wa Kabaka Mwanga. Alisoma kwa wamisionari akabatizwa, na vita vya dini vilipozuka mwaka 1888 akawa jemadari hodari wa upande wa Wakristo. Kisha akaoa binti wa Kabaka Mutesa, dada yake Mwanga. Nani tena angemwuliza habari za Kooki? Alikuwa Muganda, tena Muganda mkubwa. Na mwaka 1899 yeye na watu wake walikuwa katika jeshi lililomkamata Mwanga yule yule, pamoja na Kabalega wa Bunyoro, huko Lango.

Lakini Mengo alikuwako Apolo Kagwa, Katikiro, na fahali wawili hawakai zizi moja. Basi Kakungulu akachukua bunduki zake na wafuasi wake, akaja mashariki, nchi ambayo Waganda waliiita Bukedi, yaani nchi ya watu waendao uchi. Jina hilo lilikuwa la dharau, na ajabu ni kwamba mpaka leo sisi wa Tororo na Busia huitwa watu wa Bukedi, nasi twaitikia.

Alijenga boma Budaka na mahali pengine pengi, akaweka Waganda wake wawe wakubwa juu ya wenyeji. Wazee wetu hawakumpenda, wala siwezi kuwalaumu, maana walitwaliwa ng'ombe na kulazimishwa kazi. Wajopadhola walipigana na askari zake. Hata hivyo lugha ya wageni ilikaa. Kiganda kilitumika barazani na makanisani kwa miaka mingi, na bibi yangu, ambaye ni Msamia kabisa, mpaka leo husali kwa Kiganda. Akikasirika hurudi Kisamia.

Kakungulu alitumaini kwamba Waingereza watamfanya Kabaka wa Bukedi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1902 walimwondoa katika utawala, wakampa maili ishirini za mraba Mbale. Akakaa huko na watu wake, wakapanda migomba na kutengeneza barabara, na mji ukakua. Baadaye, tangu 1906 hata 1913, alikuwa rais wa baraza la Busoga, kisha akarudi Mbale akiwa amechoshwa na serikali. Aliingia dini ya Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Hata hapo hakutulia. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri na wanawe, akasema yeye sasa ni Myahudi. Wako watu karibu na Mbale washikao dini hiyo hata leo, nao huitwa Abayudaya. Alifariki mwezi wa Novemba, 1928.

Sasa nieleze sababu yangu. Mwaka ule ule wa 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ukaja kupita katikati ya Wasamia, na mto Sio, ambao wazee waliuvuka kwenda shambani, ukawa ukingo wa nchi mbili. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema habari za makabila yaliyokuwa yakikaa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926, nayo hutumia siku hiyo kupima nani ni raia kwa kuzaliwa. Wasamia wamo katika orodha, na Waganda wamo.

Mimi nilizaliwa upande wa Kenya, kwa kuwa usiku ule hospitali ya ng'ambo ilikuwa karibu zaidi. Baba yangu ni wa upande huu, mama ni wa upande ule. Nilipokwenda kuomba kitambulisho katika ofisi moja, karani alilitazama jina langu, akaniambia kuwa ni jina la Kikenya, nikamlete babu yangu athibitishe. Wenzangu watatu wa darasa letu waliambiwa maneno kama hayo.

Nilirudi shule nikasoma habari za Kakungulu, nikapiga hesabu. Siku ile ya mwaka 1926 alikuwa hai Mbale, mzee wa miaka kama hamsini na saba, mzaliwa wa Kooki, Muganda kwa vita na ndoa, Myahudi kwa hiari yake, akikaa katika nchi aliyoingia kwa bunduki. Kwa sheria ile hana shaka yoyote. Na baba wa babu yangu siku ile ile alikuwa analima, nami sijui jembe lake lilikuwa ng'ambo ipi ya mto, kwa sababu alikuwa na shamba huku na huku.

Nimeambiwa nirudi mwezi ujao. Babu amekubali kunifuata, na koti lake la kanisani limekwisha kupigwa pasi.