Karamojo Bell: Mmaliziaji aliyebeba bunduki ndogo

Straika akibaki yeye na kipa halafu akapaisha, mashabiki watamzomea na mpira utaendelea. Walter Bell akikosa, hakukuwa na mechi ya marudiano. Mbele yake alisimama tembo dume, na mkononi alikuwa na bunduki ambayo wawindaji wenzake waliiona kama ya kuchezea watoto.

Wazungu walimpa jina la Karamojo, kutokana na Karamoja ya kaskazini-mashariki mwa Uganda, alikojipatia umaarufu na fedha. Hapa kwetu hajulikani kama Frederick Selous, yule aliyeuawa Beho Beho Januari 4, 1917 na jina lake likabaki kwenye pori la akiba. Lakini wawili hao walikuwa kambi moja katika vita ile iliyoitoa Morogoro mikononi mwa Wajerumani, Agosti 1916. Selous alipigana kwa miguu. Bell alikuwa rubani wa upelelezi, na mwanzoni alipenda kuruka bila mtu wa kiti cha pili ili apate nafasi ya kufyatua bunduki yake angani. Hata juu kule alitaka kumalizia mwenyewe, pasi hatoi.

Alizaliwa Scotland mwaka 1880 katika familia yenye uwezo. Mama alifariki akiwa na miaka miwili, baba akiwa na miaka sita, akabaki mikononi mwa kaka zake. Shule ilimshinda. Inasimuliwa kuwa alimtwanga nahodha wa shule kwa gongo la kriketi, kadi nyekundu ya moja kwa moja hiyo, na mara kadhaa alitoroka. Akiwa na miaka 13 alikuwa baharini. Alipofika 16 alikuwa ameshatua Afrika Mashariki, akiwinda simba waliokuwa wakisumbua ujenzi wa reli ya Uganda.

Hapo ndipo alipojifunza somo ambalo hakulisahau. Bunduki yake ya .303 ilikuwa ya kupakia risasi moja moja, na ilikuwa na ugonjwa mmoja: kwenye joto, ganda liligoma kutoka baada ya kupigwa. Hebu fikiria, simba yuko mbele, umeshafyatua, na ganda tupu limeng'ang'ania ndani ya chemba. Huna risasi ya pili. Una fimbo ya chuma.

Akaenda Yukon, Canada, kwenye mbio za dhahabu, akaishi kwa kuwinda nyama ya kuuza Dawson. Mshirika wake akamdhulumu. Akajiunga na kikosi cha Canada kwenda vita ya Makaburu, akatekwa, akatoroka. Mwaka 1902 vita ilipokwisha hakurudi Ulaya. Alipanda kuja huku, kwenye tembo.

Zama zile mwindaji wa tembo alibeba mzinga hasa. Bunduki ya .600 ilirusha risasi ya gramu 58 hivi, na ilimpiga teke bega mwenyewe. Bell alichagua Mauser ya milimita 7 iliyouzwa na Rigby wa London, risasi yake gramu 11 tu, unene wa penseli. Wenzake walicheka. Yeye akachukua fuvu la tembo, akalipasua kwa msumeno na kusoma ubongo umekaa wapi kwa kila upande. Baada ya hapo hakuhitaji nguvu, alihitaji kupita njia moja tu. Pigo la kutokea nyuma kwa mshazari mpaka leo wawindaji wanaliita kwa jina lake.

Jumla aliua tembo 1,011, karibu 800 kati yao kwa kile kibunduki. Siku moja aliangusha tisa, pembe zikampa pauni 877. Kila risasi aliiandika daftarini, kwa sababu kwake ilikuwa biashara. Kwa macho ya leo hesabu hiyo inaumiza, na hakuna haja ya kuipamba. Ila ubora wa mpigaji haubishaniwi.

Siri ya pili ilikuwa ganda. Bell alijaribu Mannlicher ya milimita 6.5, nyepesi na tamu mkononi, lakini risasi zake zikaanza kumletea matatizo. Akaenda kwenye .318 ya Westley Richards, nayo risasi zikamwangusha. Akarudi kwa Mauser na risasi za kijeshi za kiwanda cha DWM cha Ujerumani, kwa kuwa hizo zililipuka kila alipovuta. Zile mbovu za .318 alizimaliza kwa kutungua ndege wakiruka juu ya ziwa. Waliomwona walidhani ana gobore la marisau.

Mkazi wa Morogoro, mji wenye Mzinga, shirika la jeshi linalotengeneza risasi, ataelewa haraka kwa nini ganda lilimnyima mtu usingizi. Ganda la shaba ya njano ni kama mguu, na chemba ni njumu. Ganda la Mauser halina ukingo mpana nyuma kama la .303. Linajizuia kwa bega lake, pale linapoanza kuwa jembamba. Nafasi kati ya bolti na bega hilo lazima iwe sahihi. Ikibana, bolti haifungi. Ikipwaya, baruti ikilipuka ganda linavutika mpaka linaweza kukatika vipande viwili, nusu moja ikabaki ndani. Njumu ikipwaya unateleza, lakini hapa unayeteleza mbele yake ni tembo.

Ganda likipigwa hutanuka na kuchukua umbo la chemba. Mafundi wa Marekani waliigeuza tabia hiyo kuwa ufundi. Ganda lilelile la Mauser ya Bell lilibanwa shingo na kuzaa .257 Roberts, iliyoingia madukani mwaka 1934. Kisha P. O. Ackley akachonga chemba yenye bega lililosimama zaidi, anaweka risasi ya dukani na kuipiga, nayo inatoka na umbo jipya lenye nafasi zaidi ya baruti. Sharti lilikuwa moja: mtutu ukazwe kidogo zaidi, sehemu 4 hivi katika 1,000 za inchi, ili risasi ishikwe barabara pale shingo inapokutana na bega wakati wa pigo la kwanza. Ukilegeza hapo, umeharibu ganda na pengine uso wako.

Bell alimaliza vita akiwa na nishani ya Military Cross, akamuoa Katie Soares, akanunua shamba la Corriemoillie huko Scotland. Mwaka 1923 alichapisha kitabu cha safari zake, na michoro ya mkono wake mwenyewe. Walijenga boti ya mashindano, Trenchemer, wakashindana baharini.

Uzeeni aliwinda paa wa milimani kwa .220 Swift, risasi ya milimita 5.6. Mzee alikuwa bado anapunguza. Moyo ulisimama Juni 30, 1954, akiwa na miaka 73.